Sahani za Upande wa Ziwa

Ndugu waombolezaji, kabla ya kuanza kusoma nitawataja waliopo, kwa kuwa marehemu hakupenda mkutano wowote uendelee kabla ya watu kujuana kwa majina.

Yupo mama yake mzazi, Mama Cheptoo, mjane wa Birir arap Koros. Yupo mjane wa marehemu, Bi Leah Jeruto, pamoja na watoto wao wawili, Chepkurui na Kipchoge. Yupo Bi Kuluthum binti Alamin wa lokesheni ya Nakuru, mtaa wa Waafrika, ambaye marehemu alikuwa mpangaji wake na baadaye akawa kama mwanawe. Yupo Bwana Gelle Warsame, mchinjaji wa lokesheni hiyo hiyo. Yupo muuguzi, Bi Nekoye, aliyemhudumia marehemu katika siku zake za mwisho. Yupo Mchungaji Reuben arap Kosgei wa kanisa hili la Rongai. Yupo Sajini Kavoi, aliyetumwa na boma kwa sababu mkutano wa watu wengi namna hii huhitaji ruhusa, na ruhusa hiyo ninayo mfukoni, imepigwa muhuri juzi. Yupo Bi Wangare, mke wa Bwana Kang'ethe wa Gatimu, ameketi kati ya Mama Cheptoo na Bi Jeruto.

Bwana Kang'ethe mwenyewe hayupo. Najua wengi wenu mmekuwa mkiitazama barabara ya Nakuru tangu asubuhi, na hata sasa ninavyosoma naona wengine wameigeukia. Bi Wangare ameniomba habari ya mumewe niisome mwisho, baada ya historia ya marehemu kusomwa yote, nami nitafanya kama alivyoomba.

Mimi ni Joel arap Koros, mdogo wa baba yake marehemu, niliyekuwa karani wa boma hadi nilipostaafu mwaka 1951.

Marehemu Micah Kipketer arap Birir alizaliwa mwaka 1928, mwaka wa nzige, katika shamba la mzungu lililo upande wa chini wa kituo cha reli cha Rongai, ambako baba yake alikuwa mwendesha ng'ombe wa jembe. Tarehe haikuandikwa, lakini mahali panajulikana vizuri, kwa kuwa mama yake alishikwa na uchungu akitoka kupeta mahindi, hakuwahi kufika ndani, akajifungulia barazani chini ya paa la ghala, na ndiyo sababu mtoto akaitwa Kipketer, yaani wa barazani. Jina la Micah alipewa katika ubatizo, mwezi wa Desemba 1936, na jina la arap Birir alilipata baada ya kutahiriwa, kama ilivyo desturi yetu. Naomba majina hayo yote matatu yaandikwe kwenye msalaba, kwa kuwa kila moja alilipata kwa njia ya halali, na katika maisha yake aliandikwa vibaya na watu wengi.

Alianza kusoma katika shule ya misheni ya Eldama Ravine mwaka 1936, akaendelea Kabarnet kuanzia 1941, na mwaka 1944 akachaguliwa kuingia shule ya sekondari Kikuyu, ambako alikaa miaka minne. Walimu wake waliandika kwamba alikuwa kijana mwenye bidii lakini mwenye wasiwasi mwingi, na mimi niliyemlipia nauli ya treni kila muhula naweza kuthibitisha hayo yote mawili, maana alikuwa akifika kituoni kabla ya treni kuondoka stesheni iliyotangulia, akakaa juu ya sanduku lake akiuliza kila apitaye kama reli ni nzima. Kutoka huko alikwenda chuo cha Makerere, akasomea kilimo, akahitimu mwaka 1951.

Mnamo Februari 1952 aliajiriwa na serikali kama msaidizi wa kilimo, akapelekwa Nakuru katika kitalu cha miti, na hapo ndipo alipokutana na Bwana Kang'ethe wa Gatimu, aliyekuwa msimamizi wa miche. Walikuwa wa kabila mbalimbali na wa hulka mbalimbali, kwa kuwa Bwana Kang'ethe alikuwa mtu wa mzaha na marehemu alikuwa mtu wa kujiuliza maswali usiku kucha, lakini urafiki wao ulishika upesi kama mche uliopandwa siku ya mvua.

Mwaka uliofuata ziwa la Nakuru lilirudi nyuma, likaacha uwanda mkubwa mweupe wa magadi, na upepo wa mchana ulipovuma ulilibeba vumbi lake moja kwa moja hadi lokesheni ya Waafrika. Marehemu wakati huo alipanga chumba kwa Bi Kuluthum, akaona watoto wakiamka macho yamefunga kwa tongo na wakikohoa mpaka wanatapika, akaona uji ukifunikwa na bado una ladha ya magadi. Akamwambia Bwana Kang'ethe kwamba tatizo hilo halitaki dawa ya hospitali peke yake, linataka miti. Wakaomba ruhusa ya kupanda ukanda kati ya ziwa na nyumba, na ruhusa ikatolewa kwa shingo upande, kwa kuwa Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa na amri ilikuwa vichaka vyote vilivyo karibu na makazi vifyekwe, ili mpiganaji wa msituni asipate pa kujificha. Sharti lilikuwa kwamba mmea wowote katika ukanda huo usizidi kifua cha askari aliyesimama.

Basi wakaacha miti mirefu waliyokuwa wameitayarisha, wakachagua vichaka vya leleshwa, na vya mswaki, na majani magumu ya pwani ya ziwa, vitu vinavyovumilia magadi na vinavyokubali kukatwa kila mara. Walianza kwa kupigilia vijiti vya kupimia. Watu wa lokesheni walipoviona waliingiwa na hofu, wakadhani ni mipaka ya kambi na kwamba watazungushiwa handaki, wakaving'oa vyote na kuvichoma jikoni. Vikapigiliwa vingine, navyo vikang'olewa. Hatimaye marehemu alikwenda nyumba kwa nyumba kueleza, na tangu siku hiyo akaitwa Bwana Vijiti, jina ambalo hata watoto walimwitia njiani. Bi Kuluthum alimwambia mbele ya wapangaji wenzake, "Mwanangu, mama yako alikulisha mpaka Makerere, nawe umerudi kupanda kuni kwenye magadi?" Lakini ni yeye aliyewakataza wanawake wenzake wasiving'oe tena.

Jumamosi tarehe 18 Desemba 1954, katika kanisa la Eldama Ravine, marehemu alifunga ndoa na Bi Leah Jeruto, mwalimu wa shule ya msingi, na Bwana Kang'ethe akasimama kama msimamizi wake baada ya kuomba pasi ya safari, kwa kuwa siku hizo Mkikuyu kama yeye hakuweza kuvuka hata daraja bila karatasi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Chepkurui, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1955, na Kipchoge, aliyezaliwa tarehe 27 Mei mwaka huu wa 1958.

Mwezi wa Septemba 1955 marehemu alipanda meli Mombasa kwenda Uingereza kwa msaada wa masomo. Elimu aliyoifuata kule ni ya kupanga mandhari, ambayo wengi wetu hatukuijua, na nilipomwuliza alinijibu kwamba yuko mtu anayejenga nyumba, na yuko mtu anayepanga kile kilicho kati ya nyumba na nyumba, yaani miti, njia, maji, kivuli na upepo, na kwamba watu huumwa au hupona kwa hicho cha pili zaidi ya wanavyofikiri. Alipata shahada yake mwaka 1957, akakubaliwa kuendelea na utafiti wa shahada ya juu, na mwalimu wake akamruhusu autafiti ule ukanda wa Nakuru, ambao Bwana Kang'ethe alikuwa ameutunza miaka yote hiyo marehemu akiwa hayupo. Alirudi mwezi wa Agosti, akakuta leleshwa imefunga vizuri, imekatwa sawa kifuani, na kila baada ya hatua kadhaa pameachwa mwanya. Mianya hiyo aliiagiza yeye mwenyewe, kwa sababu upepo ukizuiwa kabisa hupanda juu ya ukuta na kushuka nyuma yake na vumbi lake lote, bali ukiachiwa pa kupita huchoka na kuangusha mzigo wake njiani. Askari wa doria hawakuipenda mianya hiyo, waliiita milango.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yamesimuliwa mjini kwa namna nyingi zisizo sahihi.

Ili athibitishe kwamba ukanda unazuia vumbi, marehemu alihitaji kulikamata vumbi lenyewe. Alisimamisha nguzo fupi upande wa ziwa na nyingine upande wa nyumba, na juu ya kila nguzo akaweka sahani ya bati ya rangi ya buluu iliyopakwa mafuta, ili vumbi jeupe likitua linase na kuonekana. Mafuta ya kupikia yaliyeyuka juani, akajaribu mafuta ya mkia wa kondoo kutoka kwa Bwana Gelle, nayo yakakaa. Bwana Gelle alikuwa akimcheka kila anapokuja na kopo, akiwaambia wateja, "Nimekata nyama miaka ishirini, sijapata kuona mtu anayenunua mafuta ya kulisha upepo." Sahani nyingine zilikuwa za akina mama wa lokesheni, waliozitoa kwa hiari, ingawa wapo walionong'ona kwamba Bwana Vijiti ameleta uchawi wa Ulaya. Sahani zilitakiwa kuondolewa alfajiri, kabla umande haujakauka na upepo haujaanza. Marehemu aliweka pia sahani za namna hiyo Kariandusi, karibu na machimbo ya udongo mweupe, apate kulinganisha vumbi la huku na la kule.

Jumanne tarehe 4 Februari mwaka huu marehemu alikuwa Kariandusi, na Bwana Kang'ethe akaenda peke yake kuondoa sahani za Nakuru. Alianza na zile za upande wa nyumba. Doria ikamkuta amesimama kwenye mwanya wa leleshwa, jua halijatoka, ameshika sahani zenye mafuta ya kondoo. Wakati huo boma lilikuwa limepata habari za chama kipya cha siri, na kuwapelekea watu wa msituni chakula lilikuwa kosa kubwa. Doria waliona sahani, wakanusa nyama, wakaona Mkikuyu. Walimfunga pingu pale pale.

Marehemu alirudi jioni, akaelezwa, na asubuhi yake akaenda kituo cha polisi kumwona Inspekta Pryce. Sahani zilikuwa mezani. Marehemu alieleza kwa Kiingereza kizuri, kwa utaratibu, kuhusu upepo na vumbi na mianya, na Inspekta akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaisogeza sahani moja mbele yake.

"Mafuta nayaona," akasema. "Vumbi liko wapi?"

Marehemu akamjibu kwamba halipo kwa sababu miti imelizuia, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta kwa miaka mitano. Tafakarini jambo hilo, ndugu zangu. Zile sahani zilikuwa ushahidi bora kuliko wowote kwamba kazi yao imefanikiwa, na kwa sababu hiyo hiyo zilikuwa ushahidi dhidi ya Bwana Kang'ethe, maana sahani safi yenye mafuta ya nyama ni sahani ya mtu aliyekwisha kula.

Marehemu akaomba wafuatane naye wakazione za upande wa ziwa, ambazo Bwana Kang'ethe hakuwahi kuzifikia, na ambazo kwa hakika zingekuwa nyeupe kabisa. Inspekta akampa askari wawili. Walipofika walikuta nguzo tupu. Bi Kuluthum na jirani zake, walipoona rafiki yao amechukuliwa kwa ajili ya sahani, walikimbia kuziondoa zilizobaki, wakazisugua kwa majivu, wakazirudisha kabatini. Marehemu akaenda mpaka mlangoni kwa Bi Kuluthum kuziulizia. Bi Kuluthum ameniruhusu nisome alichomwambia: "Mwanangu, nilidhani nafuta kesi."

Nasema hapa mbele ya wote kwamba marehemu hakumlaumu hata siku moja, na familia haimlaumu. Aliyewahi kuishi katika miaka hii anajua kwamba askari wakikaribia, mtu husafisha nyumba yake.

Inspekta Pryce hakuwa mtu katili. Alisema kwamba kama vumbi lipo, litakuja tena, na siku litakapokuja, sahani ziwekwe mbele ya mtu wake, zikiwa nyeupe upande wa ziwa na safi upande wa nyumba, yeye ataandika kwa wakubwa wake Bwana Kang'ethe aachiliwe. Lakini mpaka siku hiyo angebaki kizuizini. Marehemu akatayarisha sahani mpya juma lile lile, na kabla Inspekta hajapata askari wa kusimama naye, mvua ikanyesha. Ilinyesha mapema kuliko kawaida, ikajaza uwanda wote wa magadi, na vumbi likageuka tope.

Kuanzia hapo marehemu hakuwa na amani. Wote mliomjua mlimwona akikonda. Kila asubuhi alipanda mwinuko ulio nyuma ya lokesheni kuangalia ukingo wa ziwa, kama maji yamerudi nyuma hata kidogo, na kila jioni aliuliza mtu aliyetoka upande wa kusini kama mawingu yanatawanyika. Mwezi wa Aprili alikuja Rongai, tukaketi mezani, Mama Cheptoo akashukuru kwa mvua na kuomba iendelee kwa ajili ya mahindi yake, na mwanawe akashindwa kusema amina. Baadaye aliniambia faraghani kwamba anaona haya mbele ya Mungu, maana katika nyumba moja mama anaomba mvua na mtoto anaomba jua, naye anajua ni nani atakayekufa njaa na ni nani anayengoja gerezani.

Bwana Kang'ethe alihamishwa kambi mara kadhaa. Bi Wangare alitakiwa arudishwe kwao, katika eneo lililotengewa Wakikuyu, kwa kuwa mume hana kazi tena Nakuru, marehemu akamwandikisha bomani kama yaya wa watoto wake, na tangu wakati huo amekaa na Bi Jeruto nyumba moja, naye ndiye aliyempokea Kipchoge siku alipozaliwa. Mwezi wa Julai, baada ya kuomba mara nyingi, marehemu aliruhusiwa kuingia kambini. Walizungumza kukiwa na seng'enge kati yao. Aliporudi alitukuta tukimngoja, akatusimulia kwamba rafiki yake amekuwa mwembamba na kifua chake kinakoroma, lakini mzaha ameuhifadhi, maana neno lake la kwanza lilikuwa kumwuliza ni nani anayekata leleshwa. Marehemu alimjibu kwamba anakata mwenyewe. Bwana Kang'ethe akasema, "Basi mianya yote imekwenda upande. Niache nitoke haraka, Daktari wa Vumbi, kabla hujaniharibia ukuta." Marehemu alilisimulia akicheka, kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Mwishoni mwa Septemba mvua zilikatika. Maji yakarudi nyuma polepole, ukingo ukaanza kuwa mweupe, na kila siku marehemu aliogopa kwamba wingu moja litaharibu kila kitu. Jumatatu tarehe 6 Oktoba upepo ukaja. Alikwenda kituoni mbio, na Inspekta akamtuma Sajini Kavoi, huyu aliye hapa, asimame na sahani kutwa nzima bila kuondoa macho. Walisimama wawili hao kwenye uwanda tangu asubuhi mpaka jua lilipokaribia kuzama. Sajini alijifunga kitambaa usoni, lakini marehemu alikataa kujifunika, akisema lazima aone kila sahani, na Sajini ameniambia kwamba kufikia alasiri nyusi zake na nywele zake zilikuwa nyeupe kama za mtu wa umri wangu. Jioni hiyo sahani za upande wa ziwa zilikuwa zimefunikwa kabisa, buluu haionekani, na za upande wa nyumba zilikuwa na vumbi la kuhesabika. Sajini alizibeba mwenyewe mpaka kituoni, akizikinga kwa koti lake. Inspekta Pryce akapitisha kidole juu ya moja, akakitazama.

"Sasa naliona," akasema, na akaandika usiku huo huo.

Majibu yalichelewa. Marehemu alikuwa na kikohozi tangu siku ile ya uwandani, akakipuuza, akaendelea kwenda bomani kila siku kuuliza, ingawa mke wake na Bi Wangare walimsihi alale. Tarehe 3 Novemba aliambiwa kwamba kibali kimetoka, na kwamba Bwana Kang'ethe ataletwa kwa lori la serikali Jumamosi tarehe 22 Novemba, yaani leo. Siku aliyopata habari hiyo alikuja nyumbani, akala, akalala mchana, jambo ambalo Bi Jeruto anasema hakuwahi kumwona akilifanya. Hakuamka akiwa mzima. Homa ilimpanda, na Jumapili tarehe 9 Novemba akapelekwa hospitali ya Nakuru, ikaonekana ana ugonjwa wa mapafu, na kwamba umekwisha kuenea pande zote mbili.

Madaktari walifanya yote waliyoweza. Katika siku hizo alizungumza kidogo, na karibu kila mara aliuliza tarehe. Kuhusu utafiti wake aliagiza kwamba vipimo vya Oktoba vipelekwe kwa mwalimu wake Uingereza pamoja na sura zilizokwisha kupigwa chapa, na kwamba jina la Kang'ethe wa Gatimu liandikwe kando ya lake. Hilo limefanyika. Jioni ya Jumatatu aliniita nikaribie, akaniambia, "Baba mdogo, kama sitakuwepo Jumamosi, mwambieni Kang'ethe za upande wa ziwa zilikuwa nyeupe. Atajua." Nilimwahidi.

Alifariki dunia Jumanne tarehe 18 Novemba 1958, alfajiri, saa ile aliyokuwa akienda kuondoa sahani, akiwa na umri wa miaka thelathini. Mazishi yangeweza kufanyika Alhamisi, lakini familia iliamua yawe leo, ili aliyesimama naye siku ya harusi awe wa kwanza kutia udongo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, hasa Bi Nekoye, aliyekaa naye hata zamu yake ilipokwisha. Nawashukuru majirani wa lokesheni, waliokuja kwa miguu na kwa treni, na Bi Kuluthum, ambaye ameleta sahani zake zote tulie chakula leo. Namshukuru Bwana Gelle kwa kondoo wawili, ambao amekataa kulipwa. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa kitalu cha miti, ambao wameikata leleshwa jana ili iwe safi siku hii, na wameniomba niseme kwamba mianya iko sawa. Namshukuru Mchungaji Reuben kwa maombi yake, na mwenye shamba kwa kuturuhusu kupita na jeneza. Namshukuru Sajini Kavoi kwa siku ya tarehe 6 Oktoba, na kwa kuja mwenyewe leo asubuhi badala ya kutuma mtu.

Micah Kipketer arap Birir, umengoja vya kutosha, sasa pumzika.

Habari niliyoombwa kuisoma mwisho ni hii. Imeletwa na Sajini Kavoi kutoka bomani kabla ya ibada, na Bi Wangare aliambiwa kwanza, akachagua kubaki. Bwana Kang'ethe wa Gatimu alifariki kambini Jumapili, tarehe 16 Novemba 1958.